Gauni Lililokwenda Upande

Duka la Fundi lilikuwa ndani ya simu, ila cherehani, meza ya kukatia na sanamu ya kuvalisha nguo vilihitaji mahali pa kukaa, na mahali penyewe palikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe wake. Mama mkwe huyo kila mtu alimwita Mwalimu, hata wanawe, kwa sababu alifundisha miaka thelathini na miwili na alipostaafu hakuacha. Ukikaa mbele yake umejikunja, atakwambia ukae wima.

Mwanzoni mwa mwezi Mwalimu aliingia chumbani, akayatazama magauni manane yaliyotundikwa kusubiri wateja, akapitisha kidole kwenye bega la mojawapo na kukikagua kama kimeshika vumbi.

"Kinyozi wa pale kona anakitaka chumba hiki," alisema. "Nimemwambia asubiri mwisho wa mwezi. Duka likichangamka, utabaki. Likiendelea kulala hivi, cherehani itahamia chumbani kwenu, pembeni ya kitanda."

"Nimeelewa, Mama."

Angeongeza nini? Mumewe alikuwa safarini na lori, na hata angekuwepo, hakuna aliyewahi kumshinda Mwalimu kwa maneno. Pembeni ya kitanda hapakuwa na dirisha wala nafasi ya meza ya kukatia. Cherehani ikishafika huko, ushonaji umekwisha, hata kama hakuna atakayetamka hivyo.

Akampigia wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyefanya kazi ofisini na kuyajua mambo ya mtandao, au angalau kuyasemea.

"Lipia matangazo," wifi alisema.

"Kwa hela ipi, wifi?"

"Basi fanya ya bure, mbona yapo mengi." Akayataja mfululizo, Fundi akiandika nyuma ya karatasi ya kukatia. Picha zipigwe kwa mwanga wa mchana, si wa taa. Bei iandikwe wazi, watu wasiambiwe waje kuulizia pembeni kana kwamba ni siri ya ukoo. Anayeuliza ajibiwe papo hapo, na waliokwisha kununua waombwe neno moja zuri.

Fundi aliyafanya yote. Alisugua kioo cha dirisha kwa gazeti na maji mpaka mkono ukamuuma. Aliandika bei. Alimwandikia hata mteja aliyelalamikia zipu mwaka uliopita, akaomba neno lake, naye akajibu kwamba zipu bado inakwama. Baada ya wiki mbili gauni moja likauzwa, na aliyelinunua ni wifi.

Wiki ya tatu Mwalimu alileta gauni lake la bluu lenye vifungo vyeupe, likazwe kifungo kimoja kilicholegea. Fundi akalitundika dirishani pamoja na mengine. Asubuhi hiyo jua lilikuwa zuri, na wingu lilikuwa linasogea, basi akapiga picha mbio mbio, gauni moja baada ya jingine, akaziweka dukani bila kuzitazama mara mbili, kisha akaenda kufua. Aliporudi, simu ilikuwa imejaa ujumbe kuliko wa miezi mitatu iliyopita kwa pamoja. Akafuta povu mikononi, akasoma.

"Fundi, hili ulilishona ukiwa kwenye gari?"

"Upande mmoja mrefu, mwingine mfupi. Ni mtindo au ni njaa?"

"Ipimeni hiyo nyumba, huenda ndiyo iliyoinama."

Watu walikuwa wanavunjika mbavu na kupelekeana picha. Gauni lenyewe ni lile la bluu. Kwenye hanga pindo lake la kushoto lilikuwa juu ya lile la kulia kwa vidole vitatu, na hivyo ndivyo lilivyotakiwa kuwa. Bega la kushoto la Mwalimu lilikuwa chini kuliko la kulia, kazi ya miaka thelathini na miwili ya kubeba mfuko wa madaftari upande uleule. Fundi aliliona siku ya kwanza alipompima, wakati huo akiwa bado mchumba tu wa mwanawe. Alifunga mdomo. Alichukua vipimo viwili, cha kushoto na cha kulia, akakata kila upande kivyake, akashonea kipande cha sponji ndani ya bega. Mwalimu alipolivaa gauni lile la kwanza, la harusi ya mwanawe, alijitazama kwenye kioo, akasema nguo za dukani hazijui kumkaa mtu anayesimama wima. Tangu hapo, miaka kumi na mmoja, hakuvaa nguo iliyokatwa na mwingine, wala hakuwahi kuambiwa kwa nini zinamkaa.

Kidole cha Fundi kilikuwa tayari kuifuta ile picha. Angeifuta, kama si mmoja aliyeandika kwamba fundi huyu anyang'anywe mkasi. Hapo akapandwa na hasira. Atukanwe kwa mengine yote, ila si kwa mkasi.

Akaandika: "Gauni halijaenda upande. Limekatwa kwa mtu ambaye bega lake moja liko chini. Akilivaa, pindo linakaa sawa pande zote. Fundi atakayemkatia mtu huyo pande mbili sawa ndiye atakayekuwa amekosea."

Hakumtaja mtu. Akaweka simu mezani.

Haikupita nusu saa, mwanamke mmoja akaandika kwamba alivunjika bega utotoni na nguo zake zote zinamning'inia. Je, na yeye anaweza kushonewa? Akafuata mwenye nyonga moja iliyopanda. Akafuata aliyeondolewa titi moja hospitalini, aliyechoka kujaza vitambaa kifuani kila asubuhi. Baba mmoja akamwulizia binti yake wa miaka kumi na minne, mwenye mgongo uliopinda, ambaye hajakubali kupigwa picha tangu akiwa darasa la tatu. Fundi aliwajibu mmoja mmoja, akawaeleza namna ya kupima kushoto peke yake na kulia peke yake. Kufikia jioni alikuwa na oda kumi na nne. Yale magauni saba yaliyobaki dirishani hakuna aliyeyaulizia hata kwa adabu.

Ndipo wifi akapiga.

"Umeliweka gauni la mama mtandaoni?"

"Umelijuaje?"

"Vile vifungo nilimnunulia mimi. Na yeye ameshaiona picha. Shoga yake waliyefundisha naye kampelekea, na maelezo yako yote chini."

"Kasemaje?"

"Hajasema kitu."

Mwalimu akigomba, unajua ulipo. Akinyamaza, hujui hata mlango uko wapi. Fundi akaifuta picha pale pale. Oda alikuwa nazo, lakini chumba aliona kimekwenda, na huenda na mama mkwe kaenda nacho. Hilo la pili ndilo lililomuuma zaidi, na lilimshangaza kwamba linamuuma hivyo.

Kesho yake asubuhi Mwalimu aliingia bila kupiga hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya japo nyumba ni yake. Akasimama mbele ya sanamu iliyovaa gauni la kahawia, la kuuza, lililokatwa sawa kushoto na kulia.

"Livue hilo. Nataka kulijaribu."

Akaenda nalo nyuma ya pazia, akatoka amelivaa, akasimama mbele ya kioo. Upande wa kushoto pindo liliteremka. Akanyoosha mgongo, pindo likabaki lilipo. Akainua bega, likapanda. Bega lilipochoka, likashuka tena. Fundi alikuwa ameshika futi yake ya kupimia, anaikunja na kuikunjua.

"Tangu lini?"

"Tangu gauni ulilovaa kwenye harusi yetu, Mama."

"Na hukuniambia."

"Ulijitazama ukafurahi. Sikuona sababu."

Mwalimu akaketi kwenye kiti cha cherehani. "Watoto wa watu nimewasimamisha wima miaka yote ile," alisema. "Kumbe wananitazama mimi."

"Nisamehe, Mama. Niliipiga kwa kupitiwa. Nimeshaifuta."

"Nimeona umeifuta. Hilo ndilo lililonileta." Akanyoosha mkono apewe simu, akavaa miwani, akasoma ujumbe wa wateja wote kumi na wanne, polepole, kama anasahihisha. Wa yule baba aliusoma mara mbili. "Huyu mtoto, mwambie baba yake amlete hapa. Mgongo haupimwi kwa simu."

"Hapa wapi, Mama? Mwisho wa mwezi ni Ijumaa."

"Hapa hapa. Kinyozi ana miguu, atatafuta kwingine."

Fundi alitaka kushukuru. Mwalimu hakumsubiri. Alikuwa ameshaliangua gauni la bluu kutoka kwenye hanga, akalivaa, akafunga vifungo vyote hadi juu, akasimama dirishani penye mwanga.

"Irudishe picha. Ila si ya kwenye hanga, nimechekwa vya kutosha. Piga nikiwa ndani yake."

Fundi akapiga. Pindo lilikaa sawa pande zote. Mwalimu akaitazama, akatikisa kichwa. Akageuka, akampa Fundi mgongo, na kwa mara ya kwanza tangu Fundi amjue, akayaachia mabega yake yakae yanavyotaka.

"Kwa nyuma ndiko bega linakoonekana," alisema. "Piga huku, yule mtoto aone."