Paa la Gari la Shemeji

Asubuhi ya maonyesho ya magari ya kale, mkaguzi alifungua mlango wa gari jekundu la shemeji yake, kisha akaufunga. Ulikwama. Akausukuma kwa nyonga, kama mtu aliyejikwaa.

Alijua maana yake. Miaka ishirini alikuwa akiwafundisha wenzake: gari lililozaliwa wazi halina vioo milangoni, mvua ikija, unavuta turubai na kumwomba Mungu. Lenye turubai na vioo vya kupandisha ni la ukoo mwingine, la watu wasiopenda kulowa. Ama lililozaliwa na paa la bati kisha likakatwa, hilo hulegea kiuno, milango ikagoma. Hilo halina ukoo.

"Andika basi, shemeji," alisema mwenye gari. "Dada yangu anatutazama."

Akaandika: *Limezaliwa wazi.* Kombe la magari ya wazi likaenda kwa shemeji. Wa pili akawa mjane mmoja, mshonaji wa viti, na gari lake la kijivu, la wazi kweli, alilolifufua kwa miaka tisa kwa mikono yake. Mjane alipiga makofi pamoja na wengine.

Mkaguzi alipotoka uwanjani, lile paa lililokatwa lilikuwa likielea dhiraa moja juu ya kichwa chake, jekundu, kingo zikiwa na meno ya msumeno. Akienda, linaenda. Mlangoni kwake lilijilaza kiubavu, likapita.

"Liangalie lisinikwaruzie ukuta," mkewe alisema. Kufikia Jumatatu alikuwa anaanikia soksi juu yake. Majirani walikisifu kivuli. Hakuna aliyeuliza limetoka wapi. Rangi kila mtu aliijua.

Maonyesho ya mwaka uliofuata yaliangukia siku ya mvua. Mjane alikuwa amekunja turubai lake tayari kwa ukaguzi, akaja kujibanza chini ya paa la mkaguzi.

"Sogea, fundi."

Akasogea. Wakasimama bega kwa bega, bati likipigwa juu yao.

"Mama, lile kombe la mwaka jana..."

"Haijachujuka hata kidogo," mjane alisema, macho juu. "Shemeji yako anajua kupaka rangi."

Mkaguzi akafungua kinywa.

"Shemeji!" sauti ikaita kutoka ng'ambo ya uwanja. "Zamu yetu."

Akaenda. Paa likamfuata, na mjane akabaki amesimama palepale, mvua ikimshukia. Mkaguzi akaufungua mlango mwekundu, akaufunga kwa nyonga, akatoa kalamu. Karatasi yake ilikuwa kavu kabisa.