Waya Mmoja

Mama Chiriku alikuwa na roho ya kuku mwenye vifaranga, ingawa kifaranga chake kilikuwa kimoja tu, tena kimeshakua. Bintiye alioka mikate. Aliondoka kwa baiskeli kabla hakujapambazuka, na kila siku simu ilimfuata: "Umefika?"

"Mama, tanuri halijawashwa, wewe ushapiga!" Binti hakupewa jina la Chiriku bure, mdomo wake haukujua kupumzika.

Taa waliichagua pamoja kwa fundi baiskeli. Mama alitaka ya dinamo, isiyodai betri. Fundi akatikisa kichwa.

"Dinamo inakula miguu, mama. Ukisimama, nayo inazima. Sasa binti akisimama njia panda, nani atamwona? Chukueni za kuchaji. Hii ya mbele itamwonyesha shimo. Hii nyekundu ya nyuma itamwepusha na kaburi."

"Ushindwe!" mama alisema, lakini akazichukua.

Nyumbani chaja ilikuwa moja, na waya mmoja, ulioingia kwenye taa na kwenye simu ya mama vilevile. Jioni moja taa ya nyuma ilikuwa kwenye waya, mama akatazama simu yake: inakata roho. Kesho nitamuulizaje mtoto kama amefika? Hofu nayo ina uchoyo wake. Akachomoa taa, akachomeka simu. Nusu saa tu, alijiambia. Usingizi haukungoja nusu saa.

Alfajiri Chiriku aliibonyeza taa, ikawaka nyekundu. "Iko sawa. Leo nitapiga mimi, usinitangulie."

Baiskeli ilikuwa imeshapotelea gizani mama alipoishika simu yake, imejaa pomoni. Ndipo alipokumbuka. Akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ilipokelewa na mwanamume anayelia.

"Mama, sikumwona. Haki ya Mungu sikumwona, nyuma hakuwa na taa."

Wiki kadhaa baada ya mazishi, mama alikwenda kwa fundi kuchukua baiskeli iliyokuwa imepelekwa kutengenezwa. Ile taa nyekundu ilikuwa mezani, inawaka.

"Haina ubovu," fundi alisema taratibu. "Ilikuwa na njaa tu."

Watu walimlaumu dereva, na mama alikuwa amewaacha walaumu.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua taa akamgeukia. "Dada, hii inafaa? Mwanangu anaanza kazi Jumatatu."

"Inafaa. Ila itafutie waya wake peke yake, na usiuguse. Simu yako ikizima, iache izime."

"Mh! Sasa nitajuaje kama amefika?" yule mwanamke alicheka.

Mama Chiriku aliitazama taa nyekundu pale mezani.

"Na mimi nilitaka kujua," alisema. "Nikaichomoa."

Fundi aliweka spana chini.