Santina Hakukiri Kosa

Kabla hata hajamwona mteja wake, wakili Munirah alikuwa ameshapatana na Sylvanus, mwendesha mashtaka. Msichana angekiri kuingia Uganda bila kibali, angeonywa, kesho yake angepandishwa gari la kurudishwa Sudan Kusini. Hakuna jela. Kwa kesi za namna hii, Munirah alijiambia, hapo mtu ashukuru.

Kisha akashuka mahabusu, chini ya jengo la mahakama. Santina alikuwa ameketi kwenye saruji, kavipakata viatu vyake. Alikamatwa sokoni Nakawa akiuza maji ya chupa. Askari walidai ni mtu mzima, lakini mwenye macho aliona wazi kwamba ni mtoto wa miaka kama kumi na minne.

Munirah alimsalimu kwa Kinubi, lugha ya kwao, Wanubi wa Uganda wenye asili ya Sudan. Santina, aliyekuzwa kwa Kiarabu cha Juba, alishtuka kusikia maneno yanayokaribiana na ya mama yake. Hawakuhitaji mkalimani.

"Ukisema ndiyo, yanakwisha leo," Munirah alimweleza. "Kesho uko mpakani."

"Mpakani atanipokea nani?"

"Baba yako mdogo. Ameshaarifiwa."

Santina alicheka kicheko kikavu. "Ndiye niliyemkimbia. Wazazi walipokufa alinioza kwa mzee, akapokea ng'ombe. Nilipotoroka aliapa kunivunja miguu. Na nyinyi mmemwita?"

"Si mimi. Ni askari."

"Lakini wewe umekubali." Alimkazia macho. "Mama, wewe ni wakili wangu au wao?"

Munirah alihisi uso ukimwaka.

"Basi sisemi ndiyo," Santina alisema, akivaa viatu. "Wanibebe."

Shtaka liliposomwa, Sylvanus alikuwa tayari anafunga faili.

"Si kweli!" Santina alisema kwa Kiswahili alichookota sokoni. "Mimi sikufanya kosa. Mimi nilikimbia."

Sylvanus aligeuka. "Wakili, tulipatana!"

"Tulipatana mimi na wewe, mteja wangu hakuwepo." Munirah alisimama. "Mheshimiwa, huyu ni mtoto na anaomba hifadhi. Sheria ya nchi hii inakataza kumrudisha mtu kwenye hatari aliyoikimbia."

"Lazima umtetee mwenzako," Sylvanus alifoka. "Nyinyi Wanubi si mlitoka huko huko?"

Minong'ono ikazagaa. Maisha yake yote Munirah alikuwa akilijibu swali hilo kwa kujieleza: babu alizaliwa hapa, na baba yake pia. Safari hii hakujieleza.

"Tulitoka huko," alisema. "Na hatuondoki. Huyu naye haondoki."

Hakimu alimtaka Sylvanus afute kauli yake. Akaagiza umri wa msichana uchunguzwe, apelekwe makao ya watoto, na safari isimame mpaka ombi lake lisikilizwe.

Ombi lilikokotwa miezi mingi. Askari walikuja makaoni kumchukua zaidi ya mara moja, na kila mara Munirah alisimama langoni na amri ya hakimu mkononi mpaka wakageuza gari. Mwishowe Santina alipata hifadhi, akaanza shule Old Kampala, katikati ya watoto wadogo kuliko yeye, na ole wake aliyemcheka.

Juma hilo hilo Sylvanus alipiga simu. Kulikuwa na mtoto mwingine, Mkongomani, ameingia peke yake. Je, wayamalize kimyakimya?

"Hatumalizi kitu," Munirah alisema, akichukua mkoba wake. "Nakuja kumsikiliza yeye kwanza."