Nusu Duara za Mama

Aliyeniambia kwanza ni shangazi Teopista, kwa simu kutoka Buffalo, na bado anaongea, simu iko mezani, kichwa cha Bamurange kiko kati ya magoti yangu, kitana mkononi, jua la Jumamosi linaingia dirishani hapa Okolona, Marekani, kama kawaida… kanisa letu la kambini halipo tena, anasema, Medard wa Columbus, tuliyesali naye kule, alikwenda Kasulu ilipokuwa kambi yetu ya wakimbizi akapiga picha, ni mahindi tu, mahindi mpaka madhabahuni… madhabahuni, hapo mama yangu alipopiga magoti kila Jumamosi na ndoo ya udongo mweupe, akisiriba sakafu kwa kiganja, nusu duara, nusu duara, kila mwanamke na alama zake, za mama nilizijua hata kabla sijajua kusoma… "Mama, unaniumiza," anasema Bamurange kwa Kiingereza, pole mwanangu, nalegeza mkono, ana miaka mitatu na hajabarikiwa, kwa sababu yangu, kwa sababu nilimwahidi mama kabla hajafa kwamba mtoto wangu wa kwanza atabarikiwa pale alipopasiriba yeye, si penginepo, na huku tunasali katika ghala lililokuwa la matairi, sakafu ya saruji, harufu ya mpira haiishi, kila mchungaji Sylveri akiuliza nani ana mtoto wa kubarikiwa mimi natazama viatu vyangu… nilikuwa nangoja kurudi, sasa nirudi wapi, kwenye mahindi? wale wazee wa Biblia waliokuwa wameliona hekalu la kwanza walilia kwa sauti walipoona msingi wa la pili, nami nilidhani kulia hivyo ndio uaminifu… "Unanisikia wewe? Au unangoja aote ndevu ndipo umpeleke kubarikiwa?" Shangazi, huyu ni msichana, "Basi unangoja aolewe!" anacheka, nami nacheka na machozi… "Mama yako naye alikuwa na kazi," anasema, "Jumapili tunaimba, tunaruka, jioni sakafu yote imebanduka, vumbi tupu, Jumamosi anaanza upya, hata siku moja sikumsikia akinung'unika"… anaanza upya, kila Jumamosi, kumbe sakafu ile niliyomwahidi haikudumu hata wiki, tuliimaliza wenyewe kwa miguu yetu, na mama alijua, akabeba ndoo akiimba… asante Mungu, asante kwa mama, asante hata kwa mahindi, kuna watoto watakaoyala, asante kwa ghala linalonuka mpira, lina paa, halivuji… kitana kimesimama katika nywele zile zile, jua halijasogea, "Upo?" Nipo, shangazi, nipo.

Kesho yake asubuhi nilifika ghalani kabla ya watu, na ndoo na kitambaa, nikapiga magoti mbele ya mimbari, nikapangusa saruji kwa nusu duara mpaka ikang'aa. Mchungaji alipouliza, nilisimama, nikamshika Bamurange mkono, tukaenda kupakanyaga pale nilipopangusa.