Katoni Iliyoangukia Pembe

Katika stoo ya Njogu, nyuma ya soko la Isiolo, kuna mstari wa mkaa ukutani. Wakiuru ndiye aliyeuchora. Siku ya kuuchora alimsimamisha Ekiru, mbebaji wake, wima, mgongo ukutani, akamwekea rula begani na kupiga mstari pale rula ilipogusa chokaa. Maagizo waliyopewa yalisema katoni ya majaribio iangushwe kutoka urefu wa mita moja na kidogo. Ekiru aliposomewa alimcheka Wakiuru, ambaye pale stoo walizoea kumwita Mama Kate.

"Mama Kate, nani hubeba katoni kwa mita moja? Mimi nabeba hapa." Akajipiga begani. "Ikiniponyoka inatokea hapa. Basi tuiangushe kutoka hapa."

Wakiuru aliona mtu huyu amesema kweli. Tangu siku hiyo kipimo cha stoo kikawa bega la Ekiru.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu Ekiru azikwe kwao Ngaremara, na mstari bado upo. Wakiuru akifungua mlango asubuhi, jicho lake huenda hapo kabla ya kwenda kwingine. Aliwahi kupanga katoni mbele yake hadi ukafichika. Lakini mzigo wa stoo hauishi kutoka, na katoni zilipopungua mstari ulijitokeza tena.

Kampuni ya Njogu ilikuwa ndogo. Ilipokea dawa ya kupe kwa mapipa, ikaitia kwenye chupa, ikafunga chupa sita sita kwenye katoni na kuzipeleka kwa wafugaji. Wakiuru, mzaliwa wa Nyeri mwenye chumba cha kupanga Bulla Pesa, alikuwa msimamizi wa stoo kwa miaka kumi na mmoja. Ekiru alikuwa mbebaji wake kwa miaka sita. Januari ile ilikuja dawa mpya, kali kuliko ya kwanza. Ilikuwa inalainisha plastiki, kwa hiyo Njogu akaagiza chupa za kioo. Chupa za kioo zilikuwa ndefu na nyembamba, na katoni za zamani hazikuzifaa. Wakiuru akapewa kazi ya kuzirekebisha na kuzijaribu mpaka apate katoni ambayo hata ikianguka haitavuja.

Walitia chupa maji yenye rangi nyekundu ya chakula, ili tone moja tu likitoka lionekane. Ekiru aliinua katoni ya kwanza hadi kwenye mstari, akaiachia. Ilitua kwa kishindo, na baada ya muda mfupi sakafu ikawa nyekundu.

"Tumechinja," Ekiru akasema. "Itisha kisu tugawane."

"Nyamaza ulete ufagio."

"Kichwa ni cha mwenye boma, Mama Kate. Mimi nipe mbavu tu."

Wiki tatu walifanya kazi hiyo. Waliongeza maranda ya mbao chini ya chupa, ili yapunguze kishindo na kunyonya kitakachomwagika. Walikata kadibodi za kutenganisha chupa zikafika shingoni, maana zilipokuwa fupi chupa ziligongana vichwa. Walibadilisha vifuniko. Kila walipogusa kitu kimoja walirudi kuangusha upya. Mwisho walipata katoni tano zilizofungwa kwa namna moja, wakaziangusha zote siku moja: ya kwanza kwa kitako, ya pili kwa juu, ya tatu kwa ubavu mrefu, ya nne kwa ubavu mfupi, na ya tano kwa pembe. Ekiru alitia kila moja alama ya mkaa upande wa ndani wa kifuniko, ijulikane ilivyoanguka. Ile ya pembe aliichora mistari mitatu iliyokutana, kama mguu wa kuku.

Zikalazwa juu ya magazeti. Asubuhi magazeti yalikuwa makavu.

"Ejok," Ekiru akasema. Ndilo neno lake kitu kikiwa kizuri. "Ejok noi, Mama Kate. Sasa hata mimi ukiniangusha nimefungwa hivi sitavunjika."

Kulikuwa na sheria moja zaidi, na Wakiuru aliijua kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye aliyeibandika mlangoni. Katoni iliyokwisha kuangushwa haitumwi. Chupa zake zinavunjwa, sanduku lake linachomwa. Imekwisha kazi, hata kama haikuvuja. Lakini Wakiuru alikuwa mtu ambaye hata kamba ya gunia haitupi. Alizitazama zile chupa thelathini, zote zinang'aa, akaziweka pembeni. Nitazivunja kesho, alijiambia. Zikakaa wiki mbili.

Kisha mvua ikanyesha na kupe wakazidi. Wafugaji wa Gotu waliagiza katoni kumi na mbili na wakapiga simu kila siku, ng'ombe wanaanguka. Wakiuru alipofunga mzigo alipata katoni kumi na moja. Lori la chupa kutoka Nairobi lilikuwa halijafika. Akaenda pembeni, akachukua katoni moja kati ya zile tano, iliyokuwa karibu na mkono. Hakuitazama alama. Alimwaga maji mekundu, akasuuza chupa, akatia dawa.

Ekiru alimkuta akifunga selotepu.

"Mama Kate, hii si ilianguka?"

"Ilianguka, na ilivuja?"

"Haikuvuja."

"Basi."

"Lakini wewe ndiye ulisema..."

"Ekiru, wewe umeanguka mara ngapi tangu uzaliwe? Umevunjika?"

Akacheka, Ekiru. Akasema, "Hapana, mimi ni chuma." Akaiinua katoni begani na kuipakia kwenye gari.

Karibu na Gotu gari lilishindwa kupita. Maji yalikuwa yamejaa kwenye laga, mto wa msimu wa mvua, naye na dereva wakaamua kuvusha mzigo kwa miguu. Ekiru alibeba katoni moja baada ya nyingine begani, jua likiwa kali, jasho likimtiririka mgongoni. Alipohisi bega limelowa alidhani ni jasho. Harufu ya dawa ilikuwa kwenye nguo zake kila siku, hakuishangaa. Walipofika alianza kutokwa na mate, kisha kutetemeka, mboni za macho zikawa ndogo. Dereva alimvusha tena hadi kwenye gari, akaligeuza mbio kumrudisha Isiolo. Alikata roho kabla hawajafika Ngaremara, kwenye barabara ile ile inayopita kwao.

Katoni ililetwa stoo jioni hiyo ndani ya mfuko wa plastiki. Watu wa Gotu walikuwa wameifungua kutafuta inakovuja, kwa hiyo selotepu ilikuwa imechanwa. Njogu aliitazama, akamwambia askari aliyekuja kuandika habari, "Unaona? Imefunguliwa. Alitaka kujichukulia chupa kwa ajili ya mbuzi wake, ikammwagikia."

Askari akamgeukia Wakiuru. "Mama, katoni zilitoka hapa zikiwa sawa?"

"Zilikuwa zimejaribiwa," Wakiuru akasema. "Zote."

Askari akaandika.

Walipoondoka, Wakiuru alivaa glavu akafungua kifuniko cha katoni. Mguu wa kuku ulikuwa hapo. Katika chupa moja, karibu na kitako, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ufa ambao maji yasiyotikiswa hayakuutambua lakini barabara ya Gotu iliufungua. Alikata kile kipande cha kifuniko kwa kisu. Hakikuwa kimelowa. Alikifunga kwa plastiki akakiweka mkobani. Kisha akazitoa zile katoni nne zilizobaki, akavunja chupa zote ndani ya pipa kwa nyundo, moja moja, na kuchoma masanduku. Ilimchukua chini ya saa moja. Kazi ya chini ya saa moja, aliyoiahirisha wiki mbili.

Maneno ya Njogu yalifika Ngaremara kabla ya jeneza. Mazishini watu walisimama mbali kidogo. Hakuna aliyetamka neno wizi, ila hakuna pia aliyesimama kumsifu marehemu.

Tangu hapo Wakiuru alienda kwa Jane, mjane wa Ekiru, kila Jumamosi. Alipeleka unga, sukari, majani ya chai, sabuni. Jane alikuwa na mimba kubwa wakati wa mazishi, na baadaye akajifungua mvulana. Wakiuru alipeleka shali. Kila mara alienda na kile kipande cha kadibodi mkobani, akisema moyoni leo nitakitoa, na kila mara Jane alimshukuru sana hata mkono ukabaki juu ya zipu.

Jumamosi ya mwisho alikuta Jane ameketi mlangoni akinyonyesha. Emuria, kaka mkubwa wa Ekiru, alikuwa ameketi kwenye kiti chake kidogo cha mbao kivulini mwa ukuta, fimbo juu ya magoti. Alijibu salamu bila kuinua uso.

"Kesho mtoto anabatizwa," Jane akasema. "Mama Kate, nataka wewe umshike. Uwe mama yake wa ubatizo."

Wakiuru akakaa chini polepole. "Mimi?"

"Nani mwingine? Wale wa kampuni umeona mmoja wao hapa? Ni wewe tu umekuja."

"Anaitwa nani?"

Jane alimtazama shemeji yake. Emuria alitema mate kando.

"Yeye anataka aitwe Ekiru," akasema. "Mimi nimekataa. Mtoto aitwe jina la mtu aliyekufa akiiba? Achekwe mpaka azeeke? Tutafute lingine."

"Hakuiba," Jane akasema. Ilionekana amelisema mara nyingi, maana sauti haikuwa na nguvu tena.

"Basi nani alifungua katoni? Upepo?"

Mtoto aliacha ziwa akatazama juu, macho hayajui pa kutua. Wakiuru alihisi mkoba ukimlemea mapajani kama uliojaa mawe. Alifungua zipu. Akakitoa kipande cha kadibodi, akakiweka mchangani kati yao, mguu wa kuku ukitazama juu.

"Hii alama ni ya Ekiru," akasema. "Aliichora yeye."

Wote wawili waliitazama.

"Maana yake katoni hii iliangushwa kwa pembe. Tuliiangusha sisi, mimi na yeye, kuijaribu. Sheria ni kwamba ikishaangushwa haitumwi tena. Mimi nilikosa katoni moja ya Gotu, nikaituma. Chupa ilikuwa na ufa. Hakuna mtu aliyefungua kuiba. Watu wa Gotu ndio walifungua, baadaye, kutafuta inakovuja."

Emuria akainua uso kwa mara ya kwanza. "Na wewe ulijua haya lini?"

"Siku ile ile."

"Siku ile ile!" Akamgeukia Jane. "Umesikia? Miezi mitatu anakunywa chai hapa!"

Jane alikuwa bado anaitazama alama. Aliigusa kwa kidole, kwa wepesi, asije akaifuta.

"Yeye alijua iko hivyo?" akauliza. "Ekiru. Alijua ni ile iliyoanguka?"

Hapo ndipo Wakiuru alipotamani kusema uongo mmoja tu, wa mwisho. Angeweza kusema hakujua. Nani angempinga?

"Alijua. Aliniuliza. Akasema, Mama Kate, hii si ilianguka? Nikamuuliza yeye ameanguka mara ngapi na amevunjika."

"Akasemaje?"

"Akasema yeye ni chuma."

Jane akafumba macho. Midomo ikamcheza, na Wakiuru hakujua kama ni kicheko kilichomjia au kilio. Ilikuwa sauti ya Ekiru kabisa, na wote watatu waliisikia. Emuria aliweka fimbo chini.

Mbuzi walipita na vumbi lao. Ndipo Emuria akasema, "Hayo maneno utayarudia kwa askari?"

"Nitarudia."

"Na kwa huyo Njogu?"

"Na kwake. Jumatatu." Alijua Jumatatu hiyo hatakuwa tena na funguo za stoo, na labda yeye mwenyewe atafungiwa mahali. Lilikuwa jambo dogo kuliko alivyoliogopa. Akanyoosha mkono kuchukua kadibodi. "Nitaihitaji huko."

Mkono wa Jane ulitangulia. Aliichukua, akaikunja ndani ya shali ya mtoto, shali ile ile aliyoileta Wakiuru.

"Itakaa na mimi," akasema. "Jumatatu saa mbili nitakuwa kituo cha polisi nayo. Tutaingia pamoja."

"Jane, mimi..."

"Kesho uje kanisani. Sijakukataza kuja." Alimhamisha mtoto bega lingine. "Lakini atashikwa na mtu mwingine."

Wakiuru akaitikia kwa kichwa. Aliinuka, akapangusa vumbi kwenye sketi. Emuria hakumuaga, ila aliisogeza miguu yake apate njia.

Jumapili aliketi benchi la nyuma, karibu na mlango. Mbele aliona mgongo wa Jane, na kando yake jirani fulani mwenye gauni la buluu, amemshika mtoto. Padri aliuliza jina. Jane alifungua kinywa, lakini Emuria, aliyesimama nyuma yake, akamtangulia. Alilitaja kwa nguvu, kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya laga, na watu wa mabenchi yote wakageuka.

"Ekiru."

Maji yakamwagwa. Mtoto akalia. Wakiuru alikuta mikono yake imejikunja kifuani kama iliyobeba kitu. Akaishusha, akaiweka juu ya magoti, na hapo ikakaa mpaka ibada ikaisha.