Jina la Baba Munga

Ukitaka kuniudhi, nipangie mambo ya mwanangu huku nimekaa papo hapo. Mume wangu, Munga, alirudi kutoka kazini Kipevu, akanawa mikono, akamchungulia mtoto, kisha akatangaza kuwa Jumapili kanisani ataombewa kwa jina la Lewa.

"Lewa!" nikasema. "Nani kakuruhusu?"

"Ni jina la baba, Agneta. Mtoto wa kwanza wa kiume, desturi si unaijua?"

Desturi naijua; mimi pia ni Mgiriama, ijapokuwa nimezaliwa na kukulia Changamwe. Lakini nauza viazi karai langoni mwa shule hapa Kisauni, na nawasikia watoto wanavyotaniana. Mtoto aitwaye Lewa hamalizi wiki bila kuulizwa amelewa nini. Hata jirani yangu Mwanarehema, aliyekuwa ameniletea uji wa pilipili manga, alicheka mpaka akashika mlango.

"Wallahi shoga, alewe nini naye? Maziwa?"

Nikasema mwanangu ataitwa Elkana, na maneno yaishe. Munga akanuna.

Mama mkwe wangu, Mapenzi, alikuwa amemtoa mtoto uani kumwogesha, na maneno yetu yote aliyasikia. Alikuja kutoka Mwakirunge siku niliyojifungua, na tangu hapo ananikanda kwa maji ya moto, ananipikia, na mtoto akisumbua humbeba yeye ili mimi nilale. Nampenda sana mwanamke huyu, na ndiyo maana ukimya wake ulinikera zaidi. Angenigombeza, ningejua la kumjibu.

"Mama, nawe sema," nikamwambia alipoingia. "Baba tunamkumbuka kila mwaka. Tunapalilia kaburi, tunasali, tunapika, watu wanakuja. Hayo hayatoshi?"

Akamfunga mtoto kwa leso, akaketi kitandani kando yangu.

"Yanatosha, mwanangu. Ila mkikusanyika pale kaburini, kila mtu humtaja kwa jina lake. Alisema hivi, alifanya vile, mnacheka. Mimi mkewe ndiye nisiyeweza kumtaja."

"Kwa nini?"

"Nilifunzwa kwamba mke hamtaji mumewe. Nilipoolewa nilikuwa namwita 'wewe'. Munga alipozaliwa, nikaanza kumwita Baba Munga. Siku ile jiwe lilipomwangukia machimboni, nilifika angali anapumua. Nilitaka kumwita kwa jina, labda angefungua macho. Mdomo ukakataa. Nikamwita Baba Munga, Baba Munga, mpaka akaenda zake."

Aliyasema hayo bila kulia. Niliyelia ni mimi, na Munga akageuka kuangalia dirisha.

"Mjukuu huitwa kwa jina," akaongeza taratibu. "Nikadhani nimepata njia. Lakini mtoto ni wako. Elkana pia ni jina zuri."

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai, lakini moyo nao ninao. Nilimwambia Munga anyamaze, ingawa hakuwa amesema neno. Kisha nikamwambia mama, "Mwite."

"Nimwite nani?"

"Mjukuu wako. Mwite kwa jina lake."

Akaniangalia kuona kama ninamtania. Alipoona simtanii, akajifunika mdomo kwa ncha ya leso kama bibi arusi, akacheka, akamwinamia mtoto.

"Lewa," akanong'ona.

Mtoto akaendelea kulala. Mama akaita tena, safari hii kwa sauti, na mara ya tatu nadhani alisikika mpaka barabarani. Tangu siku ile hatuna amani: Lewa, amka! Lewa, umeshiba? Lewa, njoo uone kuku! Na mtoto mwenyewe hata shingo haijakaza. Jana Mwanarehema aliniuliza kama mama hachoki kumwita mtoto kutwa nzima.

"Mwache, shoga," nikamwambia. "Ndiyo kwanza ameanza kumwita mumewe."