Jogoo wa Abdiel

Kanisa lile lina paa kama viganja viwili vilivyokutana kuomba. Linaonekana tangu barabara kuu, juu ya gereji na mafundi wa kuchomelea mageti. Watalii husimama kulipiga picha. Naeku hakuja kupiga picha. Alikuja na jogoo kwapani, na mabuti yenye matope ya Nkoaranga.

Mlangoni mzee wa kanisa, Rodrick, alimtazama kuanzia miguuni, akaishia huko huko.

"Shikamoo bibi. Hayo mabuti hayaingii. Marumaru ni mapya, leo ni uzinduzi."

"Marahaba. Matope haya ni ya Kilutheri, baba, hayana neno."

Rodrick hakucheka. Tai ilikuwa imembana.

Naeku akavua, akabaki na soksi za mwanawe marehemu, ndipo akasema kilichomleta: wakati wa shukrani jina la mwanawe huyo lisomwe, Abdiel Sumari. Ndiye aliyepaua paa lile mpaka kule juu viganja vinapokutana, na huko ndiko alikoteleza. Mkandarasi alifika msibani na mfuko wa sukari, akasema marehemu alikuwa kibarua tu. Sasa ukutani pana jiwe jeusi la majina ya waliochangia. Hata aliyetoa mlango wa choo yumo.

"Shukrani zinapitia usharika wako, bibi. Ulete barua ya mchungaji wako."

"Na yeye alipopanda kule juu, mlimdai barua?"

"Bibi, leo tuna wageni. Mambo ya kuanguka tuyaache. Na jogoo abaki nje, kwenye mnada."

Kwao Nkoaranga kuku wa sadaka hupelekwa hadi madhabahuni. Hapa jogoo akafungwa kwenye mguu wa meza ya mnada.

Ndani, mchungaji alimshukuru Mungu, akamshukuru mkandarasi, mchora ramani, kwaya na wapishi. Mvua ikaanza. Watu walipoinamisha vichwa kuomba, Naeku peke yake alitazama juu, mbao zilivyopishana kama vidole. Alingoja tone. Halikuja. Kwake sufuria hupangwa sakafuni kila masika kukinga matone, maana Abdiel alisema, "Mama, nikimaliza la Mungu nakuja kwako."

Ibada ikaisha, mvua nayo. Watu wakatoka nje, kwenye mnada wa mazao ya sadaka. Dalali alikuwa Ndesanjo, muuza vipuri mwenye sauti ya kuamsha wafu. Desturi ni kutangaza kitu ni cha nani, ili ndugu waone aibu kukiacha kiende kwa bei ya chini.

"Haya, jogoo huyu wa nani?"

"Wa Abdiel Sumari!" Naeku akajibu, mabuti mkononi.

"Jogoo wa Abdiel Sumari! Mwenyewe yuko wapi tumwone?"

"Alipaua hilo paa, akaanguka kutoka pale."

Ndesanjo ana mazoea ya kurudia kila anachosikia. "Alipaua hilo paa, akaanguka ku..." Akameza maneno yaliyobaki. Kipaza sauti kilikwisha kuyafikisha mpaka gereji. Wageni wakatazama juu. Mkandarasi akatazama simu yake, nayo haikuwa imeita.

"Nimemnunua mimi!" Rodrick akadakia kabla bei haijatajwa. "Leta kitu kingine!" Akamchukua jogoo, akamletea Naeku. "Nimekuzawadia, bibi. Nenda naye nyumbani, Mungu akubariki."

"Ahsante, baba. Nami namrudisha mnadani."

Hilo nalo ni desturi, hakuna wa kulikataza: kitu kikirudi mezani kinanadiwa upya, na jina linatajwa upya. Naeku akamweka jogoo juu ya meza mwenyewe, kati ya mayai na maparachichi.

Ndesanjo akamtazama mchungaji. Mchungaji akatazama mawingu. Basi Ndesanjo akakishusha kipaza sauti, akainama, akasema kama anayesema na jogoo, "Jogoo wa Abdiel Sumari. Nani ataanza?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Naeku akaketi kwenye ngazi akavaa mabuti yake, moja, kisha la pili, polepole, kama mtu anayengoja bei ipande.